Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa njia ya mtandao na muhuri wa wakili: tathmini ya mtumiaji

Kila dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, vijana waliomaliza kidato cha sita hukabiliwa na sharti ambalo wazazi wao hawakuwahi kuwekewa. Haitoshi tena kuwa na cheti cha kuzaliwa, wala haitoshi kukipeleka kwa wakili kikagongewa muhuri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka cheti hicho kiwe kimehakikiwa na mamlaka yenye daftari lake: kwa Tanzania Bara ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la RITA, na kwa Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Ninachokusudia hapa ni kuitathmini huduma ya RITA ya kuhakiki vyeti kwa njia ya mtandao, nikiilinganisha na utaratibu wa karatasi tuliouzoea, na pale inapobidi nikiilinganisha pia na uhakiki wa alama za vidole unaotegemea kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA.

Ninafundisha shule ya sekondari, na kila msimu vijana niliowafundisha hunijia na bahasha zao za kaki wakitaka msaada wa kujaza maombi. Kwa njia hiyo nimeiona huduma hii ikitumiwa na mtoto wa mtumishi aliyesajiliwa hospitalini wiki aliyozaliwa, na nimeiona ikitumiwa na mtoto wa mkulima aliyepata cheti akiwa kidato cha nne. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Huduma yenyewe ni nzuri, bei yake inavumilika, na inajibu swali ambalo muhuri wa wakili haujawahi kulijibu. Kasoro kubwa ninayoiona ipo kwa taasisi zinazopokea majibu yake, kwa sababu zinamtwika mwananchi kazi ambayo zingepaswa kuifanya zenyewe, na nyingine zinadhani kwamba jibu la mfumo linafuta haja ya karatasi zilizolizaa.

Utaratibu hauna mafumbo. Mwombaji anafungua akaunti katika mfumo wa eRITA, anachagua huduma ya uhakiki, anajaza taarifa kama zilivyoandikwa kwenye cheti pamoja na namba ya ingizo, yaani namba ambayo kizazi chake kiliandikiwa katika daftari la usajili, anapakia nakala iliyoskaniwa, kisha anapewa namba ya malipo ya serikali. Ada ni shilingi 3,000 kwa kila cheti, na hulipwa kwa simu au benki. Baada ya hapo anasubiri. Kilichopakiwa hulinganishwa na kumbukumbu za usajili, na jibu hurudi katika akaunti ya mwombaji, naye hulitumia katika maombi yake ya mkopo. Mtu aliyezoea kutuma pesa kwa simu hawezi kushindwa na hatua hizo, ingawa kwa mtu asiye na simu janja au asiyejua barua pepe kuna gharama ya pili isiyoandikwa popote, nayo ni ya steshenari, ambako kijana wa dukani humfungulia akaunti, humchagulia nywila, na mara nyingi hubaki nayo. Nasisitiza sana jambo hili kwa wanafunzi wangu: andika nywila yako mwenyewe, ihifadhi mwenyewe, na barua pepe iwe ya kwako. Nimeona kijana akizunguka mji mzima kumtafuta mtu aliyemjazia, kwa kuwa jibu lake lilikuwa limefungwa ndani ya akaunti ambayo hakuwa na ufunguo wake.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la picha. Vyeti vya zamani viliandikwa kwa mkono, wino umefifia, vingine vimekunjwa mara nne na kuchanika kwenye mikunjo, na vingine vimewekewa plastiki inayomeremeta, kwa hiyo simu inapopiga picha inachukua mwanga wa taa badala ya maandishi. Wakati wa karatasi, karani aliweza kukiinua cheti dirishani na kukisoma. Mfumo unasoma kile tu ulichopewa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kulipia skani halisi, kuifungua kwanza kwenye kompyuta na kuikuza, na kuhakikisha namba ya ingizo, jina la wilaya na saini ya msajili vinasomeka kabla ya kugusa kitufe cha kutuma. Dakika chache za uangalifu hapo zinaokoa siku nyingi za kusubiri.

Sasa nieleze kwa nini naiona huduma hii kuwa hatua kubwa mbele, kwa sababu wapo wanaoiona kuwa usumbufu mwingine tu wa serikali. Muhuri wa wakili kwenye nakala unasema jambo moja: kwamba wakili ameiona hati halisi na nakala inafanana nayo. Hausemi kwamba hiyo hati halisi ilitoka kwa msajili. Wakili hana daftari la vizazi mezani kwake, na hata akiwa mwadilifu kiasi gani hawezi kutofautisha cheti kilichotolewa wilayani na kile kilichochapishwa vichochoroni kwa karatasi nzuri na mhuri wa kuchonga. Akigonga muhuri wake juu ya nakala ya cheti cha kughushi, kughushi kule kunapata heshima mpya, na kila ofisi inayofuata inaiamini nakala kwa sababu ya muhuri.

Nchi hii ilipata somo hilo kwa gharama kubwa mwaka 2017. Mwezi Aprili, Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vile vilikuwa vyeti vya elimu, na aliyevihakiki ni Baraza la Mitihani, lakini funzo linahusu hati ya aina yoyote. Watu wale walikuwa wameajiriwa, wamepandishwa vyeo na kuhamishwa vituo, na majalada yao yalikuwa na nakala zilizopita mikononi mwa maofisa wengi. Udanganyifu ule haukugunduliwa na jicho kali la karani wala na ubora wa muhuri. Uligunduliwa pale mwenye kumbukumbu za msingi alipoulizwa kama anaitambua hati. Uhakiki wa RITA unafanya kazi hiyo hiyo kwa cheti cha kuzaliwa, na unaifanya kwa shilingi 3,000, bila kijana wa Ngara au Namtumbo kulazimika kupanda basi.

Hata hivyo ni lazima tuelewe ni swali gani hasa linalojibiwa. Mfumo unaposema cheti kimehakikiwa, maana yake ni kwamba kinalingana na kilichoandikwa katika kumbukumbu za usajili. Hauthibitishi kwamba kilichoandikwa pale kilikuwa sahihi siku kilipoandikwa. Kwa nchi ambayo kila mtoto husajiliwa wodini, tofauti hiyo ingekuwa ndogo. Kwetu ni kubwa, na wanaoandika masharti ya maombi huisahau.

Utafiti wa hali ya afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa takriban asilimia 16 tu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamesajiliwa. Msomaji azitazame tarehe hizo. Mtoto aliyekuwa na miaka miwili au mitatu mwaka ule ndiye kijana anayemaliza kidato cha sita sasa na kuomba mkopo. Wenzake wengi hawakusajiliwa utotoni. Walisajiliwa baadaye, walipotakiwa cheti kwa ajili ya shule, mtihani, hati ya kusafiria au mkopo wenyewe, na msajili aliyewaandika hakuwa na taarifa ya mkunga ya siku ile. Alichokuwa nacho ni kadi ya kliniki iliyochakaa, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, barua ya mtendaji wa kata au wa kijiji, na kiapo cha mzazi au cha ndugu. Ingizo katika daftari lilijengwa juu ya karatasi hizo. Kesho likitokea shaka kuhusu mwaka wa kuzaliwa au jina la baba, mfumo utarudia kusema kile kile ulichosema jana, na ushahidi wa kuamua utakuwa katika ile bahasha ya kaki.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kabisa ushauri unaotolewa siku hizi kwamba mtu akishahakikiwa mtandaoni anaweza kuacha kuhangaika na karatasi. Kadi ya kliniki ya mwaka 2007 haina namba ya kuhakiki, haimo katika kanzidata yoyote, na huenda zahanati iliyoitoa imekwisha badilisha madaftari yake. Ikipotea, imepotea. Cheti cha kuzaliwa kikipotea, daftari lipo na nakala nyingine inaweza kutolewa kwa utaratibu. Watu wengi wanafanya kinyume: cheti wanakifungia kabatini, kadi ya kliniki wanaiacha itumiwe kufunikia madaftari.

Hali inabadilika, na ni haki kusema hivyo. Kuanzia mwaka 2013, RITA kwa kushirikiana na UNICEF na wadau wengine ilianza mkoani Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, cheti kikatolewa hapo hapo bila malipo na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi kwenda katika mfumo. Mpango huo ulienea mkoa baada ya mkoa. Watoto wa mpango ule watakapofika umri wa kuomba mikopo, jibu la mfumo litakuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko lilionao leo, maana litatoka katika taarifa iliyochukuliwa karibu na siku ya kuzaliwa. Lakini leo tunawahudumia kaka na dada zao.

Jambo linalowaumiza waombaji kuliko lolote ni majina, na hapa ndipo ninapoomba wahusika wanisikilize. Mtanzania wa kawaida ana majina yanayoandikwa kwa namna tofauti kadiri ya sikio la mwandishi. Mohamedi, Mohamed na Muhammad ni mtoto yule yule. Mwajuma wa cheti cha kuzaliwa anakuwa Mwanajuma katika kadi ya kliniki. Binti aliyeandikwa Asha na msajili anaandikwa Aisha na mwalimu wa darasa la kwanza, na tangu siku hiyo vyeti vyake vyote vya mitihani vinamfuata Aisha. Wengine walibatizwa baada ya kusajiliwa na jina la ubatizo likachukua nafasi ya kwanza. Wengine hutumia jina la babu kama la ukoo, na wadogo zao wa tumbo moja wanatumia jina la kabila. Katika enzi ya karatasi, ofisa aliyekaa na jalada la mtu mbele yake aliweza kuona kwamba tarehe ni moja, mama ni mmoja, kijiji ni kimoja, akaandika pembeni kwamba ameridhika. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi, na herufi moja ikizidi, majina yanakuwa ya watu wawili.

Mzazi mmoja aliniambia kwa uchungu, akiwa ameshika cheti mkono mmoja na matokeo ya kidato cha nne mkono mwingine, "Mwalimu, mtoto nimemzaa mimi, majina haya yote nimempa mimi, sasa nani ataniambia ni watu wawili?" Nilimweleza njia iliyopo, yaani kiapo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au marekebisho kwa mamlaka husika kadiri kosa lilivyo. Njia hiyo ipo na ni halali, lakini kila hatua yake ni ya karatasi, muhuri, ada na nauli, na inamwangukia mtu wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Hivyo basi uhakiki wa mtandaoni haujaiondoa karatasi katika tatizo la majina. Umelifichua tatizo, na karatasi ndiyo inayolitibu. Kwa maoni yangu ukaguzi wa majina ungefanyika kidato cha pili au cha tatu, kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, mwalimu wa darasa akiwa na cheti cha kuzaliwa cha kila mwanafunzi mbele yake. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika kwa hilo, ila uangalifu tu.

Linganisha sasa na uhakiki wa NIDA, ambao Watanzania wengi waliujua wakati wa usajili wa laini za simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, ukomo wake ukawekwa mwisho wa Desemba mwaka huo na kusogezwa hadi Januari 20, 2020. Mteja alitaja namba yake ya tarakimu 20, akaweka kidole kwenye kifaa, na kampuni ya simu ikaiuliza kanzidata ya NIDA moja kwa moja. Mteja hakulipia barua ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, hakuskani kitu, hakusubiri jibu kwenye akaunti yake ili alipeleke kwa kampuni. Aliyetaka kujua ndiye aliyeuliza. Kwa muundo, huo ndio uhakiki ninaouona kuwa bora kuliko wote tulionao, na unaonyesha wazi upungufu uliopo kwenye uhakiki wa cheti, ambako mwananchi anageuzwa tarishi kati ya ofisi mbili za serikali ile ile: anachukua cheti alichopewa na serikali, anakirudisha kwa serikali akiuliza kama ni chake, analipia jibu, kisha analipeleka jibu hilo kwa taasisi nyingine ya serikali.

Sisemi kwamba mfumo wa vidole hauna walakini. Wakulima wanaoshika jembe miaka arobaini, mafundi wa saruji na wazee wengi wana vidole ambavyo alama zake zimelika, na kifaa huwakataa mara kwa mara hadi mhudumu apate wazo la kujaribu kidole kingine. Yapo pia matumizi mabaya ya namba yenyewe. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo, na bado tumezoea kuichapisha kwenye karatasi, kuiwekea plastiki na kuacha nakala kwa kila wakala wa pesa, kila nyumba ya wageni na kila mlango wa ofisi. Namba iliyobuniwa ili iulizwe kwenye mfumo imegeuzwa kuwa karatasi nyingine tena, yenye hatari kuliko karatasi za zamani, kwa sababu nakala moja inatosha kumpa mtu asiye mwema mwanzo wa kujifanya wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inawataka wanaokusanya taarifa wawe na sababu halali ya kufanya hivyo na wazitunze kwa usalama. Ningependa kuona inafika hadi kwenye madawati ambako nakala za vitambulisho hurundikwa bila kabati.

Nimetaja taasisi zinazotumia uhakiki vibaya. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimtaka mwanafunzi wangu wa zamani alete jibu la uhakiki wa mtandaoni. Alipolileta, akaambiwa aongeze nakala ya cheti yenye muhuri wa wakili. Alipoleta hiyo, akaambiwa cheti halisi kiachwe pale kwa siku kadhaa "kwa uhakiki zaidi". Hayo ni madai matatu kwa swali moja, na la tatu ni baya kuliko yote, kwa sababu linamnyang'anya mtu hati yake. Ikiwa mwenye daftari amekwisha kusema cheti ni halali, muhuri wa wakili juu ya nakala hauongezi chochote. Na ikiwa ofisi haiamini jibu la mwenye daftari, basi isingelidai tangu mwanzo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, na haikubali kumbukumbu ikataliwe kwa sababu tu kwamba ni ya kielektroniki. Ofisa anayesema "hii imetoka kwenye kompyuta, lete yenye muhuri" yuko nyuma ya sheria ya nchi yake.

Kuhusu kutegemewa, kila upande una siku zake mbaya. Mei 12, 2024 nyaya za mawasiliano zilizopo chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Kenya, Julai 2023, mfumo wa eCitizen unaobeba huduma nyingi za serikali ulishambuliwa kwa wingi wa maombi ya uongo na watu wakakwama. Katika siku kama hizo, mwenye karatasi mkononi anaendelea na shughuli. Lakini karatasi nayo haina pa kukimbilia maji yanapoingia ndani. Tope lilipoporomoka Hanang mwezi Desemba 2023, na mto Rufiji ulipofurika mwaka uliofuata, watu walikimbia na watoto wao, si na mabahasha. Kwa familia iliyopoteza kila kitu, kuwapo kwa ingizo lao katika daftari lisilo la nyumbani kwao ndiko kunakowarudishia jina mbele ya ofisi. Kwa sababu hiyo peke yake ningemshauri kila mzazi amsajili mtoto ndani ya siku 90 ambazo sheria imeziweka, asisubiri mtoto afike kidato cha nne.

Yupo mwombaji ambaye nadhani masharti yote haya yangeandikwa kwa kumfikiria yeye kwanza, naye ni yatima. Ili hali yake itambuliwe katika maombi ya mkopo, anahitaji cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe kama kile cha kuzaliwa. Vifo vingi vya vijijini havikusajiliwa. Mtu alizikwa, watu wakalia, matanga yakaisha, na hakuna aliyewaza kwamba miaka kumi na mitano baadaye mtoto aliyekuwa mgongoni atahitaji karatasi yenye tarehe ya siku ile. Sasa kijana huyo anapaswa kwanza kukisajili kifo kwa ushahidi wa ndugu, wa mtendaji na pengine wa kanisa au msikiti, kisha akipata cheti akipeleke kihakikiwe mtandaoni. Aliyefiwa na wazazi wote wawili analipia uhakiki wa vyeti vitatu, shilingi 9,000, juu ya ada ya maombi ya mkopo ambayo ni shilingi 30,000. Mwenzake ambaye wazazi wote wapo analipia cheti kimoja. Mwenye kidogo analipa zaidi, na analipa ili kuthibitisha msiba wake. Kuondoa ada ya uhakiki wa vyeti vya vifo kwa waombaji wa aina hii ni uamuzi unaowezekana bila kubadilisha mfumo wowote wa kompyuta, na ninauomba kwa moyo wote.

Kwa Watanzania walio nje, au wanaojiandaa kwenda Muscat, London au kwingineko, ni vema wajue mipaka ya huduma hii. Jibu la uhakiki wa mtandaoni limetengenezwa kwa matumizi ya ndani, na ofisi za nje hutaka kwa kawaida cheti chenyewe kilichothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, pamoja na tafsiri pale lugha inapohitaji. Huko muhuri bado una nguvu zake kamili. Mtu asiende akiwa na chapisho la akaunti yake akitarajia litatosha.

Kwa ujumla wake huduma ya uhakiki ya RITA naipa alama nane kati ya kumi. Moja nimeipunguza kwa sababu ya mzigo wa kupakia picha na kusubiri, ambao unaweza kuondolewa siku taasisi zitakapouliza daftari moja kwa moja kwa namba ya ingizo, kama kampuni za simu zinavyouliza NIDA. Nyingine nimeipunguza kwa ajili ya ada ya yatima. Muhuri wa wakili, kama njia ya kuthibitisha kwamba cheti ni halali, naupa mbili, na hizo ni kwa sababu angalau unathibitisha kwamba nakala haikuchezewa baada ya kutoka kwenye hati iliyoletwa.

Anayetaka kuitumia huduma msimu ujao asisubiri dirisha la mikopo lifunguliwe. Akaunti inaweza kufunguliwa na cheti kuhakikiwa miezi kabla, wakati foleni ni fupi na bado kuna nafasi ya kurekebisha jina. Aliyezaliwa Zanzibar aanze na wakala wa huko, asipoteze ada kwa kukipeleka cheti chake RITA. Na kila mwombaji aweke pamoja, mahali pakavu, cheti halisi, jibu la uhakiki lililochapishwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya msikiti kama ipo, na nakala ya kiapo chochote kilichowahi kuapwa kwa ajili yake.